Kahawa ya Nyumba ya Benigna

Gozbert alidhani amepiga hesabu zake vizuri. Alikuwa amezunguka kijiji kizima akimnadi Kemilembe, wakili kutoka mtaa wa Hamugembe, mpaka wakili huyo akawa mbunge. Sasa alitaka fadhila zake zirudi. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba Benigna, mjane wa kaka yake, aondoke kwenye kibanja, shamba la migomba lenye nyumba yake, kwa sababu alizaa mabinti watupu. Kesi ya kuupinga uamuzi huo ilikuwa mbele ya baraza la ardhi, na aliyemfungulia Benigna, kabla ya kuingia kwenye siasa, ni Kemilembe huyohuyo.

Basi Gozbert akamwalika mbunge huyo. Na kwa kiburi chake akamkaribisha ndani ya nyumba ya Benigna, akakikalia kiti cha marehemu, huku mwenye nyumba akimenya ndizi jikoni.

Sebule ilijaa wanaume wa ukoo. Wote walimpigia kura Kemilembe, na wote wangeweza kumnyima. Naye alilijua hilo.

Gozbert akamnyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Pokea akamwani, waitu, Mheshimiwa wetu. Hii kesi tuimalize kifamilia. Uchaguzi haukawii."

Kemilembe hakunyoosha mkono. Kwa mila yao, anayeitoa kahawa ndiye mwenye nyumba, na anayeitafuna amemkubali kuwa hivyo. Gozbert alitaka amkubali mbele ya mashahidi, na mtego huo ulimpandisha hasira kuliko vitisho vya kura.

"Wewe ni mgeni hapa kama mimi," alimwambia Gozbert. "Mama Benigna, njoo utukaribishe."

Benigna akaja, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Tangu msiba hakuwa amekaa sebuleni kwake.

"Unatuvunjia heshima," Gozbert akasema. "Hizo kura zetu, utazisahau."

"Zichukueni. Uwakili nilikuwa nao kabla yenu na nitaurudia. Lakini huyu mama hatoki hapa."

Gozbert aliwatazama wenzake wamtetee. Walikuwa wanatazama sakafu. Benigna akafuta vidole kwenye kanga, akakichukua kikapu mikononi mwa shemeji yake, akampa Kemilembe kwanza. Mbunge akapokea kwa mikono miwili, akatafuna bila haraka.

Kisha Benigna akamgeukia Mzee Kyaruzi, mkubwa wa ukoo. Akamnyooshea kikapu.

"Karibu nyumbani kwangu, baba."

Mzee aliingiza mkono kikapuni. Akachukua punje, akatia mdomoni.

Gozbert akainuka kwenye kile kiti. Benigna akakikalia.