Mzunguko wa Ziwa

Kikao kilifanyika sebuleni kwake mwenyewe, naye hakuitwa. Alikuwa chumba cha pili, kwenye cherehani, akishona pindo la sare ya shule, na kila neno lilimfikia kama lilivyokusudiwa limfikie. Aliyeongoza mazungumzo ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Mtu mzima, ana wajukuu, anazurura mabondeni na suruali ya kubana," wifi alisema. "Watu wanatucheka."

"Mimi sijali kuchekwa, shangazi," alijibu mwanawe mkubwa. "Mtulinga wa bega ulimvunjika alipoanguka na baiskeli. Siku nyingine itakuwa shingo."

Wakakubaliana baiskeli ifungiwe stoo, ufunguo akae nao mwana. Walipoingia kumpa taarifa, hakuinua kichwa. Alikata uzi kwa meno, akauliza kama kuna anayetaka chai. Wakadhani amekubali.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona tangu hajaolewa, na miguu yake ilikuwa imekanyaga kanyagio la cherehani miaka nenda miaka rudi. Alipojiunga na kikundi cha waendesha baiskeli, kinyozi wa pale kona, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alimuuliza kama ataweza safari ndefu. "Miguu hii imeshasafiri sana," Fundi alimjibu. "Ila haijawahi kufika popote."

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mumewe, ya mbio, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Enzi za uhai wake mzee alikuwa akiondoka nayo Jumapili asubuhi na kurudi jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, akianza kusimulia kabla hajavua viatu. Unateremka bonde la mto, alisema, unaandamana na maji hadi yanapoingia ziwani, unauzunguka ufukwe, halafu unapanda mlima wa upande wa pili mpaka nyumbani. Fundi alisikiliza, sindano mkononi. Hakuwahi kwenda. Nguo za watu zilikuwa zinasubiri, watoto walikuwa wadogo, na tena hakuna aliyemwambia twende.

Mzee alipofariki, wifi alisema chuma kile kipewe mtu mwenye haja nacho. "Mwenye haja ni mimi," Fundi alisema. Akateremsha kiti cha baiskeli, akaenda kujifunza kwenye uwanja wa shule, akawa anaanguka mchana kweupe, watu wazima wakimwangalia. Alikuwa akijipangusa na kupanda tena. Mwishowe waliokuwa wakimwangalia ndio waliochoka.

Lakini mzunguko ule aliosimulia mumewe hakuuona. Hoteli iliyojengwa ufukweni ilikuwa imetia uzio na geti kukatiza barabara ya ziwani, na kikundi kikifika pale kilikuwa kinageuza. Barabara ile ilikuwa ya watu wote tangu zamani. Watu walilalamika, wakalalamika, wakazoea. Halafu Fundi akateleza kwenye mchanga kabla ya daraja, akavunjika, na nyumbani wakapata walichokuwa wakikitafuta.

Mfupa ulipopona, na daktari akamruhusu, alimwomba mwanawe ufunguo.

"Tutaongea, mama."

Aliomba tena. "Nimesema tutaongea."

Jumamosi moja mkamwana wake, mke wa huyo huyo mwana, alipita kuchukua gauni. Alilijaribu mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku, akalisifia. Alipokuwa anatoka aliinama juu ya mkebe wa vifungo, na kitu cha chuma kikalia ndani ya mkebe.

"Mama, nimeangusha kitu," alisema. "Sijui ni nini. Wala sijui kimeangukia wapi."

"Macho yangu nayo yamezeeka," Fundi alijibu. "Sijaona kitu."

Asubuhi yake alikuwa mbele ya kibanda cha kinyozi na baiskeli yake, kofia ngumu kichwani, matairi yamejaa upepo. Kinyozi alimtazama bega. "Nyumbani wanajua?"

"Watajua."

Walishuka bondeni jua likiwa bado changa. Mto ulikuwa mkono wa kulia, mara umejificha nyuma ya matete, mara umejianika kwenye mawe, na barabara ilipinda kila ulipopinda. Waliokuwa wakipalilia mashambani walisimama wakaegemea majembe kuwatazama. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Bibi, kaza." Fundi akakaza. Kwenye kona ya daraja, pale pale alipoangukia, wenzake walipunguza mwendo wakimwangalia kwa pembe ya jicho. Vidole vilimganda kwenye breki. Alipita taratibu sana, akikanyaga mchanga kana kwamba ni mayai, na alipofika upande wa pili akatukana tusi moja dogo, la furaha. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa nyuma yake akajifanya hakusikia.

Ziwa likatokea ghafla, jeupe, pana, mwisho wake hauonekani. Wakalifuata hadi getini. Kinyozi akashusha mguu, akaanza kugeuza baiskeli kama siku zote.

"Unakwenda wapi?" Fundi alimuuliza.

"Tumefika."

"Umefika wewe."

Alisogea kwa mlinzi, kijana aliyevaa sare iliyompwaya mabegani. Fundi aliishonoa na kuishona upya kwa macho kabla hajamsalimia. "Mwanangu, naomba kupita."

"Hairuhusiwi, mama. Nimeagizwa hivyo."

"Uzio huu unaishia wapi?"

"Hapo majini."

"Na majini umeagizwa nini?"

Mlinzi alifikiri. "Majini sijaagizwa kitu."

Basi Fundi akavua viatu, akavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni. Akaibeba baiskeli kwenye bega lililokuwa zima, akaingia ziwani. Maji yalikuwa baridi, tope likimnyonya nyayo. Alikuwa amekaribia nguzo ya mwisho aliposikia honi, tena na tena, na mlango wa gari ukibamizwa.

"Mama! Rudi."

Alikuwa mwanawe, aliyepita nyumbani akakuta stoo wazi, amekuja mbio na viatu vya kazini. Fundi hakugeuka. Akasikia maji yakipigwapigwa nyuma yake, kisha mkono ukashika gurudumu la nyuma. Akavuta. Mwana naye akavuta. Walisimama hivyo, maji magotini, kikundi kizima na mlinzi wakiwa watazamaji.

"Bega, mama. Utalivunja tena."

"Bega la nani?"

"Lako."

"Basi liachie."

Mwana alikuwa anahema. "Baba alikuwa anakuja huku tukashinda tunasubiri dirishani," alisema kwa sauti ya chini. "Nawe unataka tusubiri tena?"

Hilo lilimfika. Alimtazama mtu mzima huyu mwenye suruali iliyoloa, akamwona bado yuko dirishani.

"Na mimi nilisubiri," alimwambia. "Kuliko nyinyi wote. Nimechoka kusubiri, baba. Usinisubiri. Nenda kalale, nenda kale, nenda na mkeo mkatembee. Lakini mimi napita."

Mkono ukabaki kwenye gurudumu kitambo kidogo. Kisha ukaachia.

Fundi alizunguka nguzo, akapanda ufukweni upande wa pili, akapangusa miguu kwa blauzi na kuvaa viatu. Alipotazama nyuma, mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kunja suruali. Kinyozi alimfuata, akinung'unika juu ya kutu. Mmoja mmoja wakaingia majini wote, na mlinzi akageuza uso akawa anachunguza mawingu.

Upande wa pili hapakuwa na maajabu. Palikuwa na barabara iliyomea nyasi kwa kukosa watu, ndege waliotawanyika, vijiji ambako watoto walitoka nje kupiga makofi. Mlima nao haukuwa na huruma. Fundi alishuka akasukuma, akapanda, akashuka tena, mapaja yakimwaka moto. Alifika juu akiwa wa mwisho, na pale juu aliliona ziwa lote, kuanzia mdomo wa mto. Alilitazama mpaka pumzi ikarudi, wenzake wakimsubiri.

Nyumbani alimkuta wifi barazani, amejiandaa kumsema. Alimsikiliza hadi mwisho, akampita na baiskeli yake, akaiingiza sebuleni, akaiegemeza ukutani mahali ambapo watu wote wangeiona. Haikurudi stoo tena.

Jumapili zilizofuata watu wa vijiji vya ziwani nao walianza kupita majini, na mizigo yao, na mbuzi wao, mbele ya wageni wa hoteli waliokuwa wakinywa chai. Hoteli ikatoa uwazi kwenye uzio, mwembamba, wa kupita mtu na baiskeli yake. Haikumwomba mtu radhi, na hakuna aliyeisubiri.

Mwanawe alinuna sana. Akaja jioni moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anachezea chaki ya kuchorea vitambaa.

"Huko nyuma ya uzio," alisema, "kukoje?"

Fundi alitia uzi kwenye sindano. "Baiskeli za kuazima zipo kwa kinyozi," alisema. "Nenda ukaone."