Kuku Mmoja, Siyo Wawili

"Shangazi, mtoe huyo nje—"

"Simtoi! Nimemlea mwenyewe tangu—"

"Hapa mahakamani! Jaji akimwona—"

"Na amwone! Kwani hajawahi kuona jogoo?"

Shangazi Odile alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha jaji, kikapu mapajani, na ndani ya kikapu jogoo mwekundu ametoa macho. Eti wa kumpa mzee Ovide Brasseaux ili anyamaze.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma, siku ya Mardi Gras, sikukuu ya kula na kunywa kabla ya Kwaresima. Tulikuwa juu ya farasi, vinyago usoni, tunapita nyumba kwa nyumba kuomba kuku wa kupikia gambo, mchuzi mzito wa sikukuu. Huku kwetu Luiziana hata mtoto anajua utaratibu: kapteni anaingia uani peke yake, anaomba, mwenye nyumba akikubali kapteni anapunga bendera nyeupe, ndipo sisi wengine tunavamia. Mimi na bia zangu saba kichwani nikaiona bendera. Kumbe ni fulana ya mzee Ovide, imeanikwa kwenye kamba.

Nikavunja uzio na farasi, nikaondoka na kuku. Tena kwa mzee ambaye hakuwa amewafungulia geti watu wa Mardi Gras kwa miaka arobaini.

Nikapewa kifungo cha nje, miaka miwili. Uzio niliujenga upya kwa mikono yangu. Kila mwezi nilikwenda kwa afisa wa uangalizi, nikakojoa kwenye kikombe cha kupima ulevi huku mtu ananitazama. Nikamaliza, nikaomba rekodi ifutwe, kwa sababu nilipata kazi ya kuendesha basi la shule na walitaka karatasi safi kabla ya Ijumaa. La sivyo, basi hilo angepewa mwingine. Ombi lingepita kimyakimya, ila mzee Ovide akaandika barua: ana neno la kusema mbele ya jaji.

"Hiyo ni hongo, shangazi."

"Hongo gani? Kwani ni hela?"

"Hongo ni hongo hata kama inawika."

Askari wa mlangoni akatuamulia: mimi ndani, shangazi na jogoo wake nje.

Jaji Landreneau, mama wa miwani minene, akamuuliza mwendesha mashtaka. Hana pingamizi. "Na wewe, Bwana Brasseaux?"

Mzee akasimama taratibu, kofia kifuani. Shati langu lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Mheshimiwa, makaratasi yenu yana uongo."

Nikaliona basi langu linaondoka bila mimi.

"Yameandikwa kuku wawili," akasema. "Alikuwa mmoja. Nilimwambia yule askari kuwa ni mmoja, yeye akaandika wawili. Jambo hili limenikera miaka miwili. Kijana ni mpumbavu, sikatai. Lakini ni mpumbavu wa kuku mmoja."

Jaji akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kwa hiyo rekodi ikifutwa, unapinga?"

"Ifuteni yote. Ila huyo kuku wa pili afutwe kwanza."

Jaji akasaini. Muhuri ukalia pa! Mabega yangu yakashuka, na hapo ndipo nikajua nilikuwa nimeyapandisha miaka miwili yote.

Nje, shangazi alinibusu hadi masikioni. Kisha akamwona mzee Ovide anatoka, akamsukumia kikapu kifuani. "Chukua. Kesi imekwisha, sasa ni zawadi."

Mzee akampapasa jogoo kifuani. "Ameshiba huyu." Halafu akanigeukia mimi. "Kile kinyago chako bado unacho?"

Nikababaika. "Kipo, mzee. Lakini naapa sitakuja tena kwako kama—"

"Nyamaza kwanza. Mwambie shangazi yako akipanue hapa puani, pua yangu kubwa. Na unitafutie farasi mpole. Nina miaka themanini na moja, kijana. Mwezi wa pili, Mardi Gras ikifika, na mimi nataka nikafukuze kuku wa watu."