Uso wa Kijani

Cyriaque alikiviringisha kiini cha yai kutoka kiganja hiki hadi kile mpaka ute wote ukatoka, kisha akakining'iniza kwa utando wake juu ya kikombe, akautoboa. Njano ikashuka, utando ukabaki vidoleni. Akaongeza maji kidogo na unga wa udongo wa kijani. Ndivyo walivyopaka Waitalia wa kale, na ndivyo alivyojifundisha mwenyewe, jikoni kwake mtaani Shard End, Birmingham, kwa kuharibu mbao nyingi.

Mchoro aliokuwa akiuiga ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia tano: Bikira Maria amempakata Mtoto, nyuma yao dhahabu tupu. Wakongo wenzake wanaosali pamoja kule Kingstanding walikuwa wakiingoja nakala yake. Wasilolijua ni kwamba uso aliokusudia kuuweka ulikuwa wa Denise, mkewe, aliyebaki Bukavu na mtoto wao Lionel, akingoja viza isiyokuja. Picha zake alikuwa nazo tele simuni, lakini kwenye picha Denise hujikaza. Uso alioutamani Cyriaque haukuwamo.

Simu ikalia. Denise, kwa video.

"Mama Lionel, geukia dirisha kidogo."

"Unaniangalia kama daktari, Papa Lionel! Njo salamu hiyo?"

"Nyamaza basi, ucheke."

"Ninyamaze ao nicheke? Chagua moja!"

Cyriaque akacheka mwenyewe, akageuza simu kumwonyesha ubao. Denise akashtuka.

"Uyu mama eko mugonjwa?"

"Hapana. Kijani kinatangulia, rangi ya mwili inakuja juu yake kidogo kidogo. Ni wewe."

Denise akasogeza uso karibu na simu.

"Ni miye? Na watu watawasha mishumaa mbele yangu?" Sauti yake ilishuka. "Papa Lionel, kwetu uso wa mutu wanaupigaka kwenye kitenge siku gani?"

Alijua. Siku ya matanga. Kabatini mwake kilikuwamo kitenge kimoja cha namna hiyo, kilichochapwa uso wa marehemu mama yake. Akautazama ubao tena.

"Sijakufa," Denise alisema taratibu. "Nitakuja, utaniangalia mpaka uchoke. Kwa sasa weka mukono tu, ule wa kushika mutoto. Ao umeusahau?"

Hakuusahau. Kidole cha shahada kilichopinda, kovu la makaa juu ya kifundo cha mkono. Uso ndio uliokuwa ukimponyoka kila usiku. Mkono ulimjia mzima, pamoja na uzito wake begani.

Walipoagana, alichukua wembe, akaukwangua uso polepole mpaka ubao mweupe ukaonekana. Akashuka kwenye mkono. Akachora kifundo, akaweka kovu mahali pake, akaupaka kijani chepesi, tabaka juu ya tabaka.

Mwanga wa dirishani ulififia mapema, kama kawaida ya Birmingham. Alikuwa bado hajafika kwenye vidole. Akaosha brashi, akaugeuzia ubao ukutani usishike vumbi, vidole akaviacha mpaka kesho.