Manyoya ya Pikipiki

Pikipiki ya mzee Tserenpil ilikuwa imelala ubavu nyuma ya hema lake, nami nimesimama mbele yake na ng'ombe wangu kambani, yule niliyetaka kumtoa nipate pikipiki hiyo, sijui hata nianze kuuliza nini.

Tangu nyonga yangu iharibike siwezi kupanda farasi, na kwenye nyika yetu mifugo haichungwi kwa miguu. Pikipiki mpya siiwezi hata ndotoni. Ama nichukue hii, ama niuze mifugo yote nihamie mjini Ulaanbaatar kwa binti yangu Solongo, nikae ghorofani nikitazama magari ya watu. Solongo alikuwa ameshapata mnunuzi wa kondoo, na alitaka jibu siku hiyohiyo.

Nilikuja na Baldan, mdogo wa marehemu mume wangu, anayejitia fundi. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Injini ikakohoa moshi wa buluu, ikagonga vibaya, ikazima.

"Shemeji, hii maiti," akasema. "Pistoni imekwisha, gia hazishiki, klachi ndiyo usiseme."

"Si maiti. Ina baridi tu," mzee akajibu.

"Baridi? Kiangazi hiki, mzee?"

"Basi imechoka. Wewe hujawahi kuchoka?"

Nikaingilia kati. "Baldan, inatengenezeka, haitengenezeki?"

"Inatengenezeka."

"Kwa hiyo nichukue?"

"Usichukue."

"Si umesema inatengenezeka!"

"Hata wewe unatengenezeka, shemeji. Nani ana hela ya hospitali?"

Nikamgeukia mzee. "Niambie kweli, mzee wangu. Ungekuwa mimi, ungeinunua?"

"Mimi? Thubutu!" akasema, kisha akakumbuka kwamba muuzaji ni yeye. "Yaani, kwa umri wangu."

Kichwa kikanizunguka. Fundi anasema inapona lakini niiache, mwenyewe anaiuza lakini haitaki. Nikaona hasira zinanipanda, na sikujua nimkasirikie nani.

"Haya," nikasema, nikimaanisha haya, niacheni nifikiri.

Mzee akaelewa haya, nimenunua. Akachomoa kisu kiunoni, akapiga goti kando ya pikipiki, akakata kishungi cha manyoya kwenye ngozi ya kondoo iliyofunika kiti. Akakitia kifuani, ndani ya joho lake. Ndivyo tunavyofanya sote tukiuza mnyama, ili baraka isiondoke naye, ibaki kwa wenzake zizini.

Baldan akaangua kicheko. "Mzee, unakata nywele za chuma?"

Mzee akatahayari, kisu bado mkononi. "Mkono umekwenda wenyewe."

"Na hiyo baraka unaiwekea ipi? Huna pikipiki nyingine!"

"Sijui, bwana. Imenibeba miaka. Niache."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mnyama akishakufa hatumkati nywele za baraka, tunamchuna ngozi basi. Nywele hizo ni za anayeondoka akiwa hai. Mdomo wa mzee ulikuwa umesema thubutu, na mkono wake umesema jambo jingine. Nimwamini yupi? Sikujua, na hata leo sina hakika.

Nikaazima kisu chake. Nikakata singa kidogo za mkia wa ng'ombe wangu, nikazitia kifuani, nikamvua kamba na kumkabidhi mzee. Kamba nikabaki nayo, kama ilivyo ada.

"Shemeji! Ndiyo umekubali?"

"Sijui nimefanya nini. Funga kamba hii kwenye tandiko la farasi wako utuvute."

Basi tukaondoka, Baldan juu ya farasi wake, mimi nyuma juu ya pikipiki isiyowaka, nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu mwenye safari ya maana. Aibu ilinijaa, na furaha pia, sikuweza kuzitenganisha. Hatujafika mbali, simu ikalia. Solongo.

"Mama, vipi? Nimwambie mnunuzi aje?"

"Asije!" Nilishangaa sauti ilivyotoka. "Siwezi kuongea, mwanangu, niko kwenye pikipiki! Naenda mbio, upepo mkali!"

Hata jani halikutikisika. Baldan akageuka kunitazama.

"Mama, mbona sisikii injini?"

Nikavuta pumzi, nikaisogeza simu karibu na mdomo, nikanguruma mwenyewe.