Ruta ya Zamu

Mume wangu Alawi alinunua ruta moja ya intaneti, na ana wake wawili. Ugomvi wote ulianzia hapo, asikudanganye mtu.

Angenunua mbili. Nilimwambia. Akasema moja inatosha, laini moja, kifurushi kimoja cha mwezi, na haki itatendeka kama inavyotendeka kwenye mambo mengine. Mambo mengine ni zamu: siku mbili analala kwangu Bulyaga, siku mbili analala kwa Siham kule Bagamoyo, si ya pwani, ni mtaa wa hapa hapa mjini kwetu. Mchele, sukari, khanga za Idi, vyote anagawa sawa kwa sawa, maana Alawi anaogopa sana dhambi ya kupendelea. Basi na ruta akaiingiza humo humo. Jioni ya kuhama anaichomoa ukutani, anazungusha waya wake, anaitia kwenye mkoba pamoja na mswaki na msuli, huyo anaondoka. Anapolala yeye ndipo inapolala ruta. Dukani kwake, anakouza vipuri vya pikipiki, watu walimcheka mpaka wakachoka. Akasema wacheke tu, siku ya hukumu hawatakuja kumjibia.

Mimi ile ruta niliipenda. Kazi yangu ni kushona, na wateja wangu wananiona kwenye simu: gauni likiisha nalipiga picha, naituma kwa akina mama wa hapa Tukuyu mpaka Mbeya. Lakini nisijifanye. Nilichokuwa nakitaka si intaneti, nilizitaka siku zangu mbili. Nimeolewa na Alawi tangu duka likiwa meza ya kukunja, nimemzalia Naseeb, na siku alipomleta Siham nililia nikamaliza, kisha nikamwambia neno moja tu: siku zangu asiziguse mtu. Akaapa. Akaapa pia kwamba baada ya Siham, basi. Kwa hiyo taa za ruta zilipowaka juu ya kabati langu nilijua kwamba leo yupo, na ni wangu. Siham husema "mume wetu." Mimi neno hilo lilikuwa halijanitoka mdomoni hata mara moja.

Vita alivianzisha Siham. Jioni moja Alawi alifika kutoka kwake, akachomeka ruta, taa zikawaka zote, na simu yangu ikakataa kuingia. Nikaizima, nikaiwasha, ikakataa. Nikaandika paswedi niliyoizoea, ikaniambia si sahihi. Televisheni nayo, hola. Wakati huo Alawi amejilaza kwenye kochi, anachekea video kwenye simu yake.

"Baba Naseeb, mbona yako inaingia?"

"Sijui. Siham aliniwekea."

Alawi mambo ya simu hayajui na hataki kuyajua. Miwani anaivaa akisoma namba za vipuri tu. Simu ikimsumbua anamnyooshea mke aliye karibu, anasema "niwekee," anawekewa, anaendelea na maisha yake. Sasa Siham ndiye aliyemwekea, na mimi nipo nyumbani kwangu, kwenye zamu yangu, nimefungiwa nje. Nilijisikia kama ameingia chumbani akakaa kitandani pangu.

Asubuhi niliifunga ruta kwenye khanga nikaenda nayo kwa Lusungu, fundi simu wa karibu na stendi, mama mmoja mcheshi, mikono yake haitulii. Akaipindua tumbo juu.

"Mama Naseeb, hii stika hapa chini umewahi kuisoma?"

"Ina nini?"

"Ina kila kitu." Akachukua pini, akaiingiza kwenye kitundu kidogo nyuma, akabonyeza mpaka taa zikazima zote. "Ukifanya hivi, inarudi kama ilivyotoka dukani. Waliobadilisha wote wamefutika. Sasa unaingia kwa paswedi ya kwenye stika. Ukishaingia, fungua intaneti, andika hizi namba zenye nukta nukta. Umeona? Inakuuliza jina na paswedi, navyo vipo hapa kwenye stika. Humu ndimo ndani kwenyewe. Unaweza kubadilisha paswedi, hata jina la mtandao unaweza kuweka lako."

"Na yule aliyebadilisha aliingiaje?"

"Kama wewe unavyoingia. Stika haichagui mtu."

Simu yangu bado ilikuwa inang'ang'ania paswedi ya zamani. Lusungu akaichukua, akanionyesha palipoandikwa "Sahau mtandao huu," akabonyeza, mara moja ukasahaulika. Nikawaza, laiti Alawi angekuwa na kitufe kama hicho.

"Ndaga, Lusungu," nikamshukuru, maana kwa furaha niliyokuwa nayo hata Kinyakyusa kilinijia.

Niliporudi nyumbani niliweka paswedi ambayo Siham asingeipata hata akeshe, na jina la mtandao nikaliandika kwa herufi kubwa: BI MKUBWA. Alawi akaninyooshea simu yake, nikamwekea. Zamu yangu ikaisha, akaichomoa ruta, akaondoka nayo kwenda Bagamoyo na jina langu ndani yake. Siku hizo mbili nilikuwa nashona huku naimba.

Iliporudi ilikuwa inaitwa KIPENZI.

Nikabonyeza pini. BI MKUBWA. Ikaenda, ikarudi KIPENZI. Pini zangu za kushonea zikapata kazi ya pili. Majirani wenye simu wakawa wanasoma majina yale na kunitazama kwa jicho la pembeni nikianika nguo. Na Alawi? Alijua tunapigana kwa ruta, ingawa majina hakuwahi kuyasoma, na alipenda. Mwaka ule alinenepa. Anaingia nyumbani anatabasamu, ananyoosha simu, "niwekee, mama Naseeb," kama mtoto anayeletewa uji, nami namwekea huku moyo unaniwaka, kwa sababu najua keshokutwa atamnyooshea mwingine mkono ule ule.

Kisha yakaja maparachichi. Wanunuzi walikuwa wanapita vijijini kuyatafuta, na kila mwenye akiba alitaka kuwa dalali. Alawi akasema na yeye atajaribu. Kuna wakulima Mpuguso amewapata, atakwenda akalale huko siku mbili. Siku zenyewe zikaangukia kwangu.

"Mpuguso ni hapo tu," nikamwambia. "Bodaboda inakwenda na kurudi chai haijapoa. Kulala kwa nini?"

"Wakulima unawapata alfajiri, mama Naseeb. Nitakufidia."

"Na ruta?"

"Naondoka nayo. Nikimwachia mmoja, mwingine atanuna."

Hakunifidia. Akaenda tena, ikawa zangu tena. Hapo nilielewa, au nilijiambia nimeelewa: hakuna Mpuguso, hakuna maparachichi. Yuko Bagamoyo kwa Siham, wanakula siku zangu pamoja na wananicheka. Wivu ulinikaba, sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilimwona Siham akimwekea chakula, nikamwona akipokea ile simu. Nguo ya harusi ya mtu niliikata vibaya, nikalipa kitambaa.

Aliposema safari ya tatu, sikubisha. Nilimtengea msuli wake, nikampa mkoba. Kabla ya hapo nilikuwa nimeingia kwenye ruta nikahakikisha jina limekaa vizuri: BI MKUBWA. Mtego wangu ulikuwa huo. Kama ruta italala Mpuguso kweli, itarudi na jina langu. Kama italala kwa Siham, Siham ninamjua, jina langu hawezi kulivumilia hata kwa saa moja.

Alirudi mchana, mvua inanyesha. Akachomeka ruta, akasema anapitia dukani, akatoka. Nikashika simu. Nikatafuta jina langu kwenye mitandao iliyopo, halikuwepo. Sikutazama zaidi ya hapo. Niliichomoa ruta, nikaiweka chini ya khanga, nikateremka na mvua yangu mpaka Bagamoyo, viatu vimejaa matope, na watu wakinisalimia siwaitikii.

Siham alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akainuka na kisu mkononi.

"Dada Mwantum! Kuna msiba?"

"Umelala na mume wangu siku zangu."

"Mimi?"

"Mara tatu. Mnasema Mpuguso, mnalala hapa."

Akakiweka kisu chini polepole. Nilitarajia matusi na nilikuwa nimeyaandaa yangu. Badala yake macho yakamjaa machozi. "Dada, mume wetu alikuwa hayupo hapa. Mimi nilijua yuko kwako. Kila akisema Mpuguso nilisema moyoni, huo ni uongo wao, wamepanga kuniibia heshima. Jana nimefika mpaka kona ya kwako nikaona haya, nikarudi."

Nikaitoa ruta nikaipiga mezani. "Na hii? Iliondoka kwangu ina jina langu. Jina langu halipo. Nani mwingine anajua kubadilisha?"

Siham akaichomeka kwenye soketi ya pale mezani, akasubiri taa, akafungua simu yake. Nilimwona akisoma, kisha akisoma tena midomo ikicheza. Akanipa simu.

Palikuwa na jina moja tu, kwa herufi kubwa kama zetu: NA MIMI NIPO MPUGUSO.

Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, na sisi wawili tunaitazama ruta.

"Si wewe?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mimi ni Kipenzi, dada," akasema, na hakulisema kwa maringo. "Ilifika kwa huyo wa Mpuguso inasema Bi Mkubwa. Labda alikuwa hajui kama tupo. Sisi wenyewe ndio tumemwambia."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Jina nililoliandika nimchome Siham, mume wangu alilibeba kwenye mkoba niliompa kwa mkono wangu, akalifikisha mpaka kwa mwanamke nisiyemjua, naye akalisoma akiwa amekaa kwake. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba yeye alinijua kabla sijamjua.

Siham akachomoa pini kwenye mtandio wake. "Tubonyeze? Tumfute?"

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Lakini kumfuta kwenye ruta kusingenirudishia siku hata moja. "Iache," nikasema.

"Labda ni utani, dada. Labda kuna binti wa mwenyeji wake ameichezea ruta Alawi akiwa shambani, wala yeye hana habari."

Nikaliwaza hilo, na kwa jinsi nilivyolitaka liwe kweli, nililishika kwa mikono miwili. "Kama ni hivyo, simu yake itakataa kama zetu. Atakuja, ataninyooshea mkono, atasema niwekee."

"Na isipokataa?"

"Vaa viatu, twende kwangu."

"Leo si zamu yangu, dada. Siwezi kuingia kwako leo."

"Siham," nikamwambia, "leo si zamu ya mtu."

Tukarudi pamoja chini ya mwavuli wake mmoja, ruta tumeificha katikati yetu isilowe. Nikaichomeka juu ya kabati. Nikachemsha chai, hakuna aliyeinywa. Kila mmoja na simu yake mapajani, zote mbili nje ya mtandao. Nimeomba mengi katika maisha yangu, lakini jioni ile niliomba kitu cha ajabu: mume wangu afike na simu yake ikatae.

Alawi aliingia akitoka kuswali magharibi, anafuta miguu mlangoni. Alipotuona tumekaa kochi moja, aliacha kufuta miguu.

"Siham? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Karibu, kaa."

Akakaa kwenye kiti cha mbele yetu, mkoba bado begani. Akatazama chai, akatazama miguu yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa simu. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuipokea, kama nilivyozoea.

Hakunipa.

Simu ikalia. Ikalia tena, halafu zikafuatana, ujumbe juu ya ujumbe, kama inavyofanya simu iliyoingia mtandaoni ikiwa nyumbani kwake. Hakuwa ameandika kitu wala kuuliza kitu. Hata miwani hakuvaa. Kuna mtu Mpuguso alikuwa amenyooshewa simu ile, akaambiwa "niwekee," naye akaweka.

Siham akautazama mkono wangu uliobaki hewani, akashusha macho. Mimi sikuurudisha. Niliitoa simu yangu mapajani, nikaiweka kwenye kiganja hicho hicho, nikamnyooshea.

"Mume wetu," nikamwambia, "tuwekee na sisi."