Isalimie Kwanza Seli

Jamani, wanasayansi wana haraka! Wiki nzima nilikuwa nao ukumbini Matema, nikiwafundisha kuiga seli za neva kwa kompyuta, na kila mmoja alitaka seli yake iruke kabla haijatulia.

"Dada Angetile, imeitika!" Hebroni, mtafiti wa dawa kutoka Mbeya, akapiga makofi. Kwenye skrini yake mstari ulikuwa umepanda ghafla, ukashuka.

"Imeitika nini? Umeshaipa mkondo wa umeme?"

Akaangalia. Bado.

"Basi hiyo imeshtuka tu. Umeiwasha sasa hivi, haijajua hata iko wapi. Iache ipumzike, mstari ulale, ndipo uichokoze. Huku kwetu mtu haanzi na shida yake, anasalimia. Iambie ugonile, umelalaje, halafu usubiri. Ingekuwa mkubwa wako ungesema mugonile, lakini seli ni mtoto."

Walicheka, lakini walifanya. Watu wazima na shahada zao wameinamia skrini wakinong'ona ugonile, ugonile, na nje ukungu umelifunika ziwa hata hujui maji yanaishia wapi. Mistari ikalala mmoja baada ya mwingine. Walipotia mkondo, seli zikaitika kweli. Nami nikaitembeza ugonile yangu meza hadi meza, mpaka ikanikaa ulimini.

Ila moyo wangu ulikuwa nyumbani Njisi. Mama alipata kiharusi baada ya mavuno ya mpunga, na tangu hapo hakutamka neno. Muuguzi alisema sauti inaweza kurudi. Mimi niliogopa, maana nilikuwa nimeanza kuisahau. Basi mimi na kaka yangu Ambwene tukawa tunamvamia: Mama, sema maji! Mama, niite jina! Akikohoa tu, Ambwene anaruka, "Amesema!"

Hajasema. Ameshtuka. Loo, kumbe na sisi ni walewale!

Mafunzo yalipokwisha nikarudi Njisi, na kesho yake asubuhi nikamfukuza Ambwene aende kwenye kakao zake. Mama alikuwa barazani, mikono mapajani, na ukungu umeingia mpaka chini ya migomba. Nikapiga magoti mbele yake. Sikumwomba neno. Umande ulidondoka jani hadi jani, nikausikia wote. Nilijiona kama naota, na sikutaka mtu aniamshe.

Polepole uso wake ukalegea. Macho yake yakanitazama bila woga, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Ugonile, mama?" nikasema.

Akakunja uso. Midomo ikahangaika.

"Mu..."

Nikabana pumzi.

"Mugonile," akasema, kwa hasira kabisa. "Mimi... mwenzio?"

Maskini mimi! Nimemsalimia mama mzazi kama seli ya Hebroni. Sauti ilikuwa nzito, imepinda upande mmoja, lakini ilikuwa yake, ileile iliyonikemea tangu utoto. Nililia, nikacheka, nikainamisha kichwa na kuanza upya.

"Mugonile, mama."

"Ndaga," akaitikia, bado amenuna.

Ambwene akapaza sauti kutoka kwenye kakao. "Vipi huko, amekohoa tena?"

"Hapana!" nikapiga kelele. "Ananigombeza!"