Rangi Iliyosuguliwa

Mtihani wa mwisho wa darasa letu la watu wazima ulikuwa na swali moja: “Mchoro huu unasema nini?” Tulitarajia picha ya shamba au ya soko. Mtahini akafunua fremu pana kama kitanda, na ndani yake hamkuwa na mtu wala mti. Rangi tupu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, zimemwagwa na kukwaruzwa.

“Loo! Huyu alichora au alijikwaa?” akauliza Mama Pacha, mwenzangu wa dawati.

“Kimya, Mama Pacha,” mwalimu wetu akasema, huku akijiuma midomo asicheke.

Mimi kicheko hakikunijia. Nina miaka kumi na miwili katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na pasipo cheti cha darasa hili ingekwenda kwa mwingine. Nikapiga moyo konde, nikaandika ninachokijua, yaani madoa. Nyeusi ilitangulia ikakauka, kwa kuwa nyekundu ilipita juu yake bila kuchanganyika nayo. Nyekundu ilirushwa kwa nguvu, kwani matone yake yana mikia. Kisha ikasuguliwa kwa kitambaa ingali mbichi, ndipo ikapakwa nyeupe.

Mtahini akasimama nyuma yangu, akasoma.

“Soma swali upya, mama. Dakika tano zimebaki.”

Nikalisoma. Nilikuwa nimeeleza mchoro ulivyofanyika, sikueleza unasema nini. Nikapatazama tena pale paliposuguliwa. Anayetaka doa litoke huanzia pembeni, taratibu. Aliyekata tamaa hukandamiza katikati. Huyu alifanya yote mawili: pembeni mkono wake ulikuwa mwepesi, katikati nyuzi za kitambaa kilichochorwa zilikuwa zimekatika.

Nikaandika: “Unasema: nilitenda jambo, nikajaribu kulitengua kwa upole, likakataa. Nikalifunika, na bado mnaliona.”

Kengele ikalia.

Matokeo yalibandikwa mlangoni Ijumaa. Kufaulu kulianzia hamsini; nilipata hamsini na tatu.

“Shoga, umepenya kwenye tundu la sindano!” Mama Pacha akanicheka, akanikumbatia.

“Nimepenya,” nikamjibu.

Jumatatu, kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa, nilikabidhiwa funguo za stoo ya sabuni, na daftari la zamu nilijaze mwenyewe.